Maldon, maji yalipokuwa yanajaa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Essex, Uingereza, alisomesha historia mpaka alipostaafu, na kati ya watu wote wa kale aliowasimulia wanafunzi wake, kulikuwa na mmoja ambaye bado alikuwa na kesi naye. Huyo ni Byrhtnoth, liwali wa mfalme katika Essex, aliyeuawa na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Denmark na nchi jirani za Skandinavia, mwezi wa Agosti mwaka 991, nje kidogo ya mji wa Maldon. Wengine waliokufa zamani Mzee aliwasamehe. Byrhtnoth alimtaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyeuza shamba la ukoo.

Nilimwita Mzee tangu wiki ya kwanza. Wenzangu kazini walimwita kwa jina lake tupu. Kwangu mimi alikuwa mtu wa rika la babu yangu, ulimi ulikataa.

Kisa chenyewe nilikijua kabla sijafika Maldon, maana jioni baada ya dawa alikuwa hataki televisheni, anataka kusimulia. Waviking wamekwisha kupora Ipswich, wameingia mto Blackwater, wametia nanga kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Northey. Kati ya kisiwa na bara kuna njia ya kupita kwa miguu, lakini maji yakijaa inafunikwa. Byrhtnoth anasimama bara na jeshi lake, mzee wa mvi, liwali kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjumbe wa Waviking anapiga kelele kutoka ng'ambo: toeni dhahabu, nasi tutarudi kwenye merikebu zetu kwa amani. Byrhtnoth anainua ngao na kujibu kwamba kodi watakayopewa ni mikuki. Kisha pande zote mbili zinakaa zinatazamana, kwa sababu maji yamejaa.

Yalipokupwa, watu watatu tu, Wulfstan, Ælfhere na Maccus, waliizuia ile njia nyembamba, na Waviking hawakuweza kupita. Ndipo wakaomba waruhusiwe wavuke wapigane sawa kwa sawa. Byrhtnoth akawaruhusu. Akauawa. Mtu mmoja, Godric mwana wa Odda, akapanda farasi wa bwana wake akakimbia, na wengi walipomwona farasi yule wakadhani liwali mwenyewe amekimbia, wakamfuata. Waliobaki walipigana juu ya maiti ya bwana wao, wakifa mmoja mmoja.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu ya utenzi mmoja ambao mwanzo wake na mwisho wake vimepotea. Hata hicho kipande kiliponea chupuchupu: hati yake iliungua katika moto wa London mwaka 1731, lakini kulikuwa na mtu aliyekwisha kuinakili. Na utenzi wenyewe unasema liwali aliwapa adui ardhi nyingi mno kwa sababu ya kiburi. Mzee aliusomesha hivyo maisha yake yote: mtu mmoja alijivuna, nchi nzima ikalipa.

Jumamosi moja ya majira ya vuli binti yake alikuja na gari akasema, leo tunampeleka baba akapaone. Mimi nilikuwa nimetazama mwezi usiku wa juzi, ulikuwa mpevu, nikajua ni bamvua. Nikamwambia tuondoke asubuhi, tukichelewa hatutaiona ile njia. Aliniangalia kwa mshangao kidogo, akakubali.

Tulifika kabla ya saa tano. Mwisho wa bustani ya Maldon, pale ardhi inapokatika na kuwa matope, iko sanamu ya Byrhtnoth ya shaba nyeusi, ameinua upanga, anatazama chini ya mto kuelekea Northey. Kiti cha magurudumu kinafika hapo, mbele yake hakifiki. Mzee aliitazama sanamu kwa muda, halafu akanigeukia.

"Nenda wewe," alisema. "Nenda ukaangalie maji yanafanya nini, urudi uniambie."

Nikaenda peke yangu juu ya tuta la kuzuia bahari, mwendo wa nusu saa hivi. Upepo ulikuwa mkali na mawingu yako chini, lakini harufu ile naijua. Mimi ni mtoto wa Jambiani, mashariki ya Unguja. Mama yangu alilima mwani, na tangu nikiwa mdogo niliingia naye majini wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mpaka mbali kabisa na wanawake wanafunga mwani kwenye kamba wakiwa wameinama. Kitu cha kwanza unachofundishwa pale ni kutogeuza kisogo. Maji ya kujaa hayaji kwa mbele yakionekana. Yanaingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, na wewe ukiwa bado umesimama mahali pakavu, njia ya kurudi imekwisha kuziba.

Nilipofika, njia ya Northey ilikuwa bado wazi, nyembamba, imepakaa tope na magugu ya bahari. Kushoto na kulia kulikuwa na matope matupu yenye vijito vya maji. Nikasimama. Mkondo mmoja ulikuja kutoka upande huu wa kisiwa, mwingine ukazunguka kutoka upande ule, polepole, povu jembamba mbele. Vijito vikajaa. Kisha mikondo miwili ikakutana juu ya mawe, na kisiwa kikawa kisiwa. Mzee alikuwa amenisomea mstari unaosema kwamba mikondo ilifungana, nami nikaudhani ni ufundi wa mshairi. Kumbe aliyeutunga, au aliyemsimulia, alisimama hapa akaona.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa kando, kwenye hori. Kulikuwa na mashua mbili zilizolalia ubavu kwenye tope nilipopita wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi zilikuwa zimesimama, zinaelea, zinavuta kamba zake.

Nikarudi kwa haraka.

"Yamefunga?" Mzee aliuliza nikiwa bado mbali.

"Yamefunga, Mzee. Lakini sikubaliani nawe tena kuhusu Byrhtnoth."

Binti yake akacheka kwa furaha. Mzee hakucheka. Alivuta blanketi magotini akasema, haya, nipe hoja.

Nikampa. Maji yanayoifunga njia ndiyo hayo hayo yanayoelesha merikebu. Wale watu hawakuwa wamenaswa Northey. Msimu ule ule walikuwa wamepita Folkestone, Sandwich na Ipswich, na tarikh moja ya zama zile inataja merikebu 93. Liwali angewazuia kwenye mawe yale mpaka jioni, wao wangepanda vyombo vyao na kushuka na maji ya kupwa, kesho wako kwenye kijiji kingine kisicho na jeshi wala liwali. Naye angewafuata na nini? Watu wake wengi walikuwa wakulima walioitwa kutoka mashambani. Utenzi wenyewe unamtaja Dunnere, mtu wa kawaida tu, akitikisa mkuki wake. Ni mwezi wa Agosti, mavuno yanangoja. Wangekaa naye ufukweni siku ngapi? Ilikuwa ndiyo siku moja ambayo adui, jeshi na ardhi kavu vilikutana mahali pamoja. Mtu anayeijua bahari haiachi siku kama hiyo ipite.

Mzee alinyamaza, kisha akanijibu kwa hoja ambayo mpaka leo naiheshimu. "Angeweza kuwaruhusu wavuke, halafu awapige wakiwa nusu majini, nusu nchi kavu. Kwa nini aliwapa nafasi ya kujipanga?"

Nikasema hilo sina jibu lake, na huenda hapo ndipo kiburi kilipoingia. Lakini kuwaruhusu kwenyewe si kiburi. Na shairi lilitungwa na watu waliokwisha kujua kwamba ameshindwa.

"Mfalme alikuwa wapi?" nikauliza. "Mbona kesi ni ya liwali peke yake?"

Hapo ndipo alipofunguka. Kwenye gari, njia nzima ya kurudi, alinieleza habari za Æthelred, mfalme wa wakati ule, kama sijawahi kumsikia. Maldon ilikuwa ngome ya wafalme: Edward mwana wa Alfred aliijenga mwaka 916, na Wadenmark walipoizingira mwaka uliofuata walishindwa kuichukua. Miaka 75 baada ya ngome kujengwa, Byrhtnoth akiwa amekufa, mfalme alishauriwa na Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury anunue amani. Pauni 10,000 za fedha, mwaka ule ule. Mwaka 994 ikawa 16,000. Mwaka 1002, pauni 24,000. Pauni moja ilikuwa senti 240 za fedha, kila moja ikikusanywa kwa mtu fulani mwenye ng'ombe wachache. Ndiyo maana sarafu za Æthelred zimefukuliwa nyingi zaidi Skandinavia kuliko Uingereza kwenyewe.

Na mwaka huo huo wa 1002, tarehe 13 Novemba, baada ya kuwalipa wenye silaha, mfalme akaamuru Wadenmark waliokuwa wakiishi Uingereza wauawe. Mjini Oxford walikimbilia kanisani, na kanisa likachomwa moto wakiwa ndani. Mfalme mwenyewe ameyaandika haya katika hati yake, bila kuona haya. Mimi mgeni katika nchi ile niliisikia sehemu hiyo kwa uzito wake wote. Byrhtnoth alipigana na watu waliomjia na mikuki. Hakumwua jirani yake usiku kwa sababu ya lugha anayosema. Kati ya hao wawili, najua nani nitamheshimu, hata kama alishindwa.

"Mwaka 1016 Cnut, Mdenmark, akawa mfalme," Mzee aliendelea, "na mwaka 1018 akawatoza pauni 72,000." Akatikisa kichwa. "Elfu sabini na mbili."

Binti yake, macho barabarani, akasema, "Kwa hiyo baba, alikuwa na haki ya kupigana?"

Hakumjibu. Alinieleza badala yake kwamba Waviking waliondoka na kichwa cha Byrhtnoth, na watawa wa mji wa Ely wakauzika mwili wake na donge la nta mahali pa kichwa. Mjane wake, Ælfflæd, akawapa pazia lililofumwa matendo ya mumewe. Pazia limepotea. Mifupa bado iko kanisani Ely.

Tulipofika nyumbani hakukubali kuvuliwa koti. Akataka ramani, akaifungua juu ya meza ya kulia chakula, akaweka kidole kwenye Ely na kumwambia binti yake, "Jumamosi ijayo. Na huyu aje, hata kama si zamu yake."