Farasi niliyemtoa Kigongo

Waliokuwa wakisafiri kati ya Mwanza na Sengerema kabla ya Juni 2025 wanaijua foleni ya Kigongo. Siku hizi daraja lile la kilomita 3 unalivuka hata hujamaliza kumenya yai, lakini mwaka 2022 nguzo zake ndiyo kwanza zilikuwa zinasimama majini, nasi wa kosta tulikuwa tunasubiri kivuko. Siku ninayoizungumzia malori yalikuwa yamejaa barabara nzima. Tukashushwa. Wa kununua sato wa kukaanga wakanunua, wa kulala wakajilaza majanini. Mimi nilitafuta kivuli, nikawasha data na kufungua Lichess, tovuti ya kucheza chesi mtandaoni, ambayo mwenye bando la kuungaunga huipenda kwa sababu ni ya bure kabisa na haina matangazo.

Dakika 10 kila mtu. Nikapangiwa nyeupe, na mpinzani ana bendera ya Brazil. Nikaanza na askari e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), akajibu e5. Nikatoa farasi f3, anamvizia yule askari wa e5. Hapo wengi hutoa farasi c6, mchezo ukaendelea kistaarabu. Huyu akasukuma askari f6.

“Mbona unacheka peke yako?”

Alikuwa babu mmoja tuliyepanda naye kosta. Asubuhi nilimwamkia mwangaluka akaniitikia vizuri, na njia nzima alikuwa akisimulia drafti ya Igogo, ile ya vizibo vya soda, na majina ya utani ya watu aliowafunga. Sasa alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono miwili juu ya bakora, macho kwenye simu.

Nikamweleza. Huyu askari wa f6 anajifanya kumlinda mwenzake wa e5, kumbe amekalia mahali ambapo farasi wake angekaa vizuri, halafu amefungua mshazari unaotoka h5 mpaka miguuni pa mfalme. Ni kosa la zamani mno. Mreno Pedro Damiano alishalikataa kwenye kitabu chake kilichochapishwa Roma mwaka 1512, na shukrani aliyopewa ni mchezo huo mbovu kuitwa kwa jina lake hadi leo.

“Haya, utamfanyaje?”

“Namtoa farasi, babu.” Nikala askari wa e5.

Aliguna. Farasi mzima kwa askari mmoja? Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana mtu wa drafti huhitaji maelezo machache sana kuhusu kutoa kete ili mwenzako aingie mahali pabaya. “Eeh. Sasa lazima ale.”

“Halazimiki. Kwenye chesi hakuna kula kwa lazima.”

“Akikataa je?”

Nimewahi kuwafundisha vijana kadhaa mchezo huu na hakuna aliyeniuliza swali hilo mapema hivyo. Akikataa, anapeleka malkia e7. Farasi wangu anarudi, malkia wake anakula askari wangu wa e4, hesabu inalingana. Nitabaki na nafuu kidogo tu, kwa sababu malkia wake ametoka mapema na nitamkimbiza huku nikitoa majeshi yangu. Yaani atalipa, lakini kwa mafungu.

Babu akatikisa kichwa. “Basi hujamwadhibu bado. Umemwekea tu sahani mbele yake.”

Na kweli, tukabaki kuitazama saa ya Mbrazili ikishuka. Nilifikiri mtandao umekata. Mama mmoja alipita na karanga, babu akamfukuza kwa mkono bila kugeuka. Ndipo askari wa f6 akaruka na kumla farasi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Malkia h5, cheki, yaani mfalme ameshambuliwa. Angeziba kwa g6, malkia angekula e5 kwa cheki nyingine huku akiikodolea macho ngome ya kona. Mfalme akapanda e7 mwenyewe. Nikala e5, cheki, akakimbilia f7. Askofu c4, cheki. Hapa alipaswa kumtoa kafara askari wa d5 apunguze kasi, lakini mtu aliyeshikwa na kiwewe hatoi tena, anakimbia tu: mfalme g6. Malkia f5, akabanwa h6. Kisha nikasukuma askari wa d4, hatua ambayo ukiitazama haimgusi mfalme hata kidogo, ila nyuma yake askofu wa c1 alikuwa amefunguliwa njia mpaka h6.

“Aliyepiga hajasogea!” Babu alipiga bakora chini.

Mbrazili akaziba kwa g5. Nikacheza h4, bila cheki, na babu akakasirika waziwazi, kwa nini namwachia apumue? Mimi naipenda hatua hiyo kuliko zote zilizotangulia. Kumfukuza mfalme kwa cheki baada ya cheki hata anayeanza ataweza, na mara nyingi mfalme huishia kutoroka. Kutulia wakati mkono unawasha ndiyo kazi. Mfalme akarudi g7, malkia f7 akamrudisha h6, na askari wa h4 akala g5: anacheki yeye, na ngome ya h1 iliyokuwa nyuma yake nayo inacheki. Chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, hatua ya 11. Kwangu farasi mmoja ndiye aliyeliwa.

Honi ya kivuko ikalia, watu wakainuka na mizigo yao. Mbrazili aliomba mchezo wa pili, nikaukataa, kwa sababu sikutaka kucheza katikati ya ghuba mtandao unapoyumba.

Ndani ya kivuko nikamsikia babu upande wa pili, ameshapata wasikilizaji. “Kijana yule pale kamfunga Mbrazili. Kamtolea farasi, jamaa kala kwa tamaa!” Tulipokaribia Busisi farasi walikuwa wameshafika wawili, na mwenye karanga alikuwa anauliza kama tumelipwa kwa dola.