Seva ya video sebuleni: wiki ya tatu

Wikendi hii kitu kimesonga. Nataka video zote za familia, harusi ya dadangu, ruracio (sherehe ya mahari), zile za shosho, yaani nyanya yetu, ushago, zikae mahali pamoja na zionekane kwa TV bila mtu kuchomoachomoa flashi.

Flashi ndio ilinichosha kwanza. Ilikuwa imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haibebi faili inayopita GB 4, video ya harusi ni GB 19, ikakataa. Nikaformati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, ikaingia, sasa TV ndio ikawa haiioni.

Nilikuwa nimeshazunguka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, nikiulizia bei ya Raspberry Pi 4, kale kakompyuta kadogo, halafu nikakumbuka kuna laptopu kuukuu kwa kabati, Core i5 ya kizazi cha 6, na betri yake bado inashika kama saa moja. Hapo nikaamua, kwa sababu huku Umoja stima ikipotea laptopu haizimiki, na diski ikikatwa ghafla ikiwa bado inaandika faili zinaharibika.

Kwa hiyo laptopu nimeweka Jellyfin, programu ya kurusha video hadi kwa TV. Plex, programu nyingine kama hiyo, pia iko poa, lakini Jellyfin ni bure yote na haitaki akaunti ya nje, bando za intaneti zikiisha video zinaendelea kucheza ndani ya nyumba.

Harusi sasa. Inacheza sekunde kumi inakwama, inazunguka, inacheza, inakwama. Nikadhani laptopu imezeeka, kumbe kameramani alirekodi 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, na waifai ya 2.4 GHz ikipita ukuta wa mawe haibebi huo mzigo. Nikanunua kebo ya mtandao mita 15, nikaipitisha chini ya ukuta hadi kwa ruta, na bado ikawa inakwamakwama! Nikachimba nikapata tundu la kebo la TV yangu lenyewe mwisho wake ni megabiti 100, hakuna nafasi imebaki. Basi usiku nikaiacha HandBrake, programu ya kubadilisha video, iifanye hiyo video iwe 1080p, ndogo kuliko 4K, kwa H.264, aina ya ubanaji ambayo TV inaisoma, asubuhi nikakuta GB 2 tu, ile ya kwanza nimeihifadhi kwa diski. Sasa inacheza moja kwa moja, prosesa hata haihisi.

Jana mamangu alikuja, akashika rimoti mwenyewe, akarudisha pale shosho anambariki dadangu mara tatu, mkono wa shosho ukitetemeka juu ya kitambaa.

Natafuta deki ya VHS inayofanya kazi. Nikipata naanza na kanda ya ubatizo ya 1996, imeshaanza kuota ukungu.