Glasi Tatu za Shangani

Mei 2019 masika yalikuwa yamewaondoa wageni Mji Mkongwe, na hoteli niliyokuwa nikihudumu pale Shangani ikatumia nafasi hiyo kutufundisha mvinyo. Tulikuwa sita. Mwalimu, mama wa Cape Town, aliweka mezani chupa tatu zilizoviringishwa vitambaa: zabibu ile ile, shamba lile lile la Stellenbosch, huko kwao Afrika Kusini, mavuno ya 2015, 2016 na 2017. Tutambue ipi ya mwaka gani.

Mimi situmii kilevi. Nilimwambia mapema, akanijibu kwa heshima kwamba nusu ya kazi hii ni ya pua. Basi wenzangu wa bara wakaonja na kutema ndooni, mimi nikanusa na kutazama rangi juu ya kitambaa cheupe.

Zabibu yenyewe ni Pinotage, iliyozalishwa na Abraham Perold huko huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Glasi ya kwanza ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kaka mmoja wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, alisema inamkakasa ulimi kama bibo. Ya pili ukingo wake ulikuwa umeanza kuelekea wekundu wa tofali. Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha. Ilikuwa laini, wenzangu wakasema, tamu tamu, kwa hiyo hii ndiyo kongwe.

Niliinusa mara nne. Nimekulia Mtambwe, Pemba, kwenye majamvi ya karafuu. Karafuu iliyopata jua zuri siku nne tano, ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta. Iliyonyeshewa hupauka, harufu yake ikachacha. Toka utotoni baba alinifundisha kuisikia hali ya hewa ndani ya harufu. Na katika glasi ile ya tatu nilisikia embe lililoanguka chini ya mti mchana wa jua kali. Si uzee ule. Ni joto.

Nikasema: huu ni mwaka wa jua, 2016. Kongwe ni ya pili, yenye ukingo wa tofali.

Mwalimu alivua vitambaa. Ndivyo ilivyokuwa. Kisha akatusimulia: 2015 mavuno yalikuwa mazuri sana kwao, 2016 ukame na joto la Januari viliivisha zabibu kwa haraka, 2017 ukame uliendelea, ila kulikuwa na ubaridi zaidi. Mwaka 2018 watu wa Cape Town walifikia kupangiwa lita 50 za maji kwa mtu kwa siku. Alipotaja lita hizo sauti ilimbadilika. Mpaka leo nikimmiminia mgeni mvinyo wa miaka ile, huwaza ndoo za maji.

Nilimwuliza jambo moja zaidi. Mbona zote tatu, kwa mbali, zinanukia karafuu? Akafurahi mno. Pipa la mwaloni, alieleza, huchomwa kwa moto upande wa ndani, na kuni ile iliyoungua hutoa eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Harufu ya jamvi letu, ndani ya pipa la watu wasiojua Mtambwe iko wapi!

Sikukuu ya Idi nilivuka kwenda Pemba, nikamhadithia baba.

"Uliinywa?"

"Hapana, baba. Niliinusa tu."

Akanyamaza kitambo. Akaniuliza habari za pipa, mti gani, unachomwaje. Halafu akainuka, akaingia ghalani, akarudi na karafuu mbili kiganjani.

"Hii ya mwaka gani?"

Nikaibana kwa ukucha, nikanusa. "Ya mwaka jana."

"Ya mwaka juzi," alisema. "Nusa tena."