Saa za Mwanafunzi Zinapopotelea Dirishani

Kwa miaka 12 nimefanya kazi katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na katika waraka karibu kila mmoja tunaitwa wafanyakazi wasiofundisha. Jina hilo hututambulisha kwa jambo tusilolifanya. Naamini kwamba limetufanya sisi wenyewe tusahau kuwa mwanafunzi hujifunza mengi mbele ya madirisha yetu, likiwemo kama chuo kinamtaka au hakimtaki.

Namkumbuka msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akivuka feri kutoka Likoni. Alikuwa miongoni mwa wale walioingia mwaka 2023, serikali ilipobadilisha utaratibu wa kugharimia masomo, karo ikagawanywa baina ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Alihitaji barua moja tu. Siku ya kwanza aliambiwa alete cheti cha kifo cha babake. Siku ya pili akaambiwa kuwa nakala ilipaswa kugongwa muhuri kwanza. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, naye akafika mwenye kutia saini amekwisha kwenda msikitini. Kila jibu alilopewa lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililokuwa kamili. Katika siku hizo alikosa majaribio mawili, na nina hakika kwamba katika daftari la mhadhiri alionekana kuwa mwanafunzi asiyejali masomo.

Mtafiti wa Marekani, Alexander Astin, aliandika mwaka 1984 kwamba ushiriki wa mwanafunzi ni kiasi cha nguvu za mwili na akili anazozitia katika maisha yake ya chuo, na kwamba huenda rasilimali yenye thamani kuliko zote chuoni ni muda wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa hoja hiyo, hata taratibu zisizohusu masomo, kama vile saa za kufungua ofisi, humwongezea au humpunguzia mwanafunzi muda huo. Niliposoma maneno hayo nilimfikiria yule msichana akisubiri feri, na nikaona kwamba tulikuwa tumemnyang'anya saa ambazo angezitumia maktabani au pamoja na wenzake.

Lipo na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kumjua kila aliyekosekana, lakini sisi, katika wiki za mwanzo za muhula, tunaiona orodha ya wale ambao hawajasajili masomo yao. Mkutubi humjua anayekaa hadi taa zizimwe kwa kuwa kwao hakuna pa kusomea. Fundi wa maabara humjua anayeogopa kugusa mtambo mbele ya wenzake. Matroni wa bweni humjua aliyeacha kushuka kula. Maarifa haya yamelala katika vichwa vya watu ambao hawaalikwi katika vikao vinavyojadili kwa nini wanafunzi huacha masomo, ilhali simu moja ya karani katika wiki ya tatu yaweza kufichua mashaka ambayo matokeo ya mtihani yatayaonyesha baada ya miezi, wakati ambapo pengine mwanafunzi amekwisha rudi kwao.

Ofisini kwetu tulianza na jambo dogo. Tuliandika kwenye karatasi moja vyeti vyote vinavyohitajika kwa kila aina ya barua, pahali pa kugongewa muhuri, na saa ambazo mwenye kutia saini hupatikana, Ijumaa na mwezi wa Ramadhani zikatajwa mbalimbali. Kisha tukakubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayeondoka dirishani kabla ya kuelezwa safari nzima iliyo mbele yake. Baadhi yetu walilalamika kuwa maelezo hayo yangerefusha foleni, na kwa siku chache za mwanzo ilirefuka kweli. Baadaye ikapungua, kwa kuwa waliokuwa wakirudi mara tatu hawakurudi tena.

Wiki ya pili askari wa lango alipanda ngazi kuja kuomba nakala yake. Alisema wanafunzi huanza kumuuliza yeye, naye amechoka kuwajibu, "Nenda juu, mwanangu, watakwambia."