Kutoka Kambini hadi Bunge la Kaunti

Nakuru haikosi wanajeshi wastaafu. Chuo cha Kijeshi cha Kenya kiko hapa Lanet, Gilgil nako kuna kambi, na wengi waliotumikia huko wamejenga na kutulia papa hapa. Mmoja wao ni jirani yetu, sajini aliyekuwa katika vikosi vilivyoingia Somalia baada ya Operesheni Linda Nchi kuanza Oktoba 2011, na ambaye leo ni mwakilishi wadi. Nimeifuatilia safari yake kwa karibu, na ninaamini kwamba kilichomtoa jasho hakikuwa kupigiwa kura, bali kujifunza kazi yenyewe.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 239 cha Katiba ya 2010 kinamkataza mwanajeshi kuegemea chama chochote, kwa hiyo asiyevua sare hana nafasi katika siasa. Marehemu Joseph Nkaissery, aliyechaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati mwaka 2002, alikuwa meja jenerali mstaafu mwenye jina kubwa. Sajini hana jina la aina hiyo. Jirani yetu aliwania akiwa mgombea huru, jambo linalohitaji kuungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi, na saini hizo alizitafuta mlango kwa mlango.

Kambini amri ikishatoka, hutekelezwa. Katika Bunge la Kaunti, ambako wadi 55 za Nakuru zina wawakilishi waliochaguliwa kila mmoja na watu wake, hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake, na hoja nzuri huanguka kwa sababu tu mwenye nayo hakuwazungukia wenzake mapema. Somo hilo lilimchukua muda mrefu.

Hata hivyo, jeshini alikuwa mtunza ghala, na hapo ndipo anapowapita wengi. Katika baraza moja mama mmoja alisimama akamwambia, "Afande, kalvati ya kwetu imeziba tangu masika na maji yanaingia nyumbani. Unatusaidiaje?" Hakumpa ahadi. Alifungua kitabu cha makadirio ya bajeti, akaweka kidole kwenye mstari wa barabara za wadi, akajibu, "Mama, fedha ni hizi, na kalvati yako haimo. Nitaifikisha kwenye kamati, nawe uje siku ya kutoa maoni." Baadhi ya watu walinung'unika, maana tumezoeshwa ahadi na noti za mia mbili. Kwangu mimi, jibu lile lilikuwa utumishi wa kweli kuliko hotuba zote za kampeni.

Wastaafu wanaowazia uchaguzi wa Agosti 2027 ninawasihi waanze hapo. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30 na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katikati ya tarehe hizo mwananchi yeyote anaweza kuketi katika vikao vya maoni, kuyasoma makadirio hayo na kuuliza.