Mistari 120 iliyokuwa ikipotea kila usiku

Nina programu ndogo ya C inayosoma kipima joto na kuchapa mstari mmoja kila sekunde 10. Tokeo nalielekeza kwenye faili. Saa 6 kamili usiku, cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) huizima kwa amri ya kill na kuwasha nyingine yenye faili jipya. Tatizo: kila asubuhi nilikuta faili la jana limeishia saa 5:39 usiku. Dakika 20 za mwisho hazimo.

Nikakishuku kipima joto, nikabadilisha waya. Bure. Nikaiendesha programu kwenye terminali na kuizima kwa Ctrl-C: haikupotea hata herufi moja. Jaribio hilo lilinipoteza siku mbili nzima.

Kilichonifumbua macho ni ukubwa wa faili, baiti 212,992. Ukigawa kwa 4,096 unapata 52, hakuna kinachobaki. Na mstari wa mwisho ulikatwa katikati: "23:39:" (ndiyo saa 5:39 usiku) halafu kimya. Kipima joto hakijui 4,096 ni nini. Anayekata hivyo ni bafa, sehemu ya kumbukumbu inayokusanya baiti 4,096 kabla ya kuziandika kwenye faili.

printf, funksheni ya C ya kuchapa, haipeleki maneno moja kwa moja kwenye faili. Kwenye terminali humwaga kila mstari unapoisha. Kwenye faili husubiri bafa ijae. Nayo kill hutuma SIGTERM, ishara ya kuitaka programu ijifunge, na programu isiyojiandaa kuipokea huuawa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) papo hapo, bila kupitia exit, ambayo ndiyo humwaga bafa programu inapofungwa. Kilichomo kwenye bafa huzikwa nayo.

Kwa pupa nikaandika funksheni ya kupokea ishara, ndani yake nikaita fflush (ya kumwaga bafa) na exit. Nikaijaribu kwa skripti ya kuiwasha na kuiua mfululizo. Mara chache mistari ilijirudia, kwa sababu ishara iliikuta printf ikiwa katikati ya kumwaga bafa ileile. Nikafuta. Sasa funksheni hiyo inabadilisha kigeugeu kimoja tu, cha aina ya volatile sig_atomic_t (salama kubadilishwa ishara inapoingia), na kitanzi kikuu ndicho kinachokikagua na kufunga faili kwa utulivu.

Bado programu ilichelewa kuzima: nilitumia signal(), ambayo kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) huirudisha read, inayosoma kipima joto, kusubiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikahamia sigaction bila SA_RESTART (alama ya kuianzisha read upya); read sasa hukatizwa na kurudi na EINTR, yaani kosa la "imekatizwa na ishara".

Nimeongeza pia setvbuf ili bafa imwagwe kila mstari, maana kill -9 haibishi hodi: huua papo hapo, na programu haiwezi kuipokea. Faili la jana: baiti 216,000.