Mgema wa dawati la nyuma

Jumapili usiku. Madaftari 42 mezani, chai imepoa, kalamu nyekundu inakaribia kukauka.

Wiki iliyopita niliwapa Kidato cha Pili swali kongwe: andika kisa kitakachodhihirisha maana ya methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji". Insha ya kwanza, mwanafunzi hodari alisifiwa, akavimba kichwa, akaanguka mtihani. Ya pili vivyo hivyo, ila jina. Kufikia ya kumi nilijua mwisho kabla ya kufungua ukurasa. Na karibu zote zilianza na majogoo kuwika na mtu "kurauka". Hapa Kilifi sijamsikia mtoto akisema amerauka. Wanaamka tu, kama mimi.

Mapambo hayo waliyatoa kwangu. Niliwaandikia ubaoni wakariri, maana Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ni insha mbili, alama 20 kila moja, na mtahini akiona tamathali mbili tatu mkono wake hulegea. Ndivyo nilivyofunzwa nami.

Sasa, kuna mvulana wa dawati la nyuma ambaye baba yake ni mgema. Mgema hasa, wa kukwea mnazi. Naye kaandika kisa kile kile cha mtihani. Ijumaa nikamwita.

"Mwanangu, mbona humu hamna hata mnazi mmoja?"

Akainama. "Nilidhani insha haitaki mambo ya nyumbani, mwalimu."

Jibu hilo lilinikaa rohoni siku nzima. Nikamwambia aniandikie upya, bila jogoo, mambo aliyoyaona kwa macho yake peke yake. Daftari lake ndilo hili mbele yangu:

"Baba hupanda asubuhi na jioni. Juu hukata ncha ya karara kwa kisu cha kotama, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Akishuka huwa hasemi mpaka anawe mikono. Baba hatii maji. Anayetia maji ni yule anayenunua kwetu akaenda kuuza, na huyo hakuna anayemsifu."

Nimeisoma mara tatu. Hamna msamiati wa kutisha hata mmoja, lakini namwona mzee ananawa. Sentensi fupi, kila moja imebeba kitu. "Ganda la kitunguu" hakulipata kwenye orodha yangu. Aya zimekaa zenyewe: mtini, chini, sokoni.

Hapo ndipo kazi inaponishinda. Insha ya methali lazima ionyeshe pande zote mbili: mgema asifiwe, kisha tembo litiwe maji. Huyu kaipinga methali yenyewe, tena kwa ushahidi. Mtahini mkali atasema amepotoka, na kwa sheria za usahihishaji atakuwa na haki. Makosa ya hijai nayo yapo, "hana" pahali pa "ana" na mengineyo, hayo nitamwonyesha.

Nilianza kuandika 9, nikaikata. Nikaandika 17, nikaona namdanganya, maana mtihani hautamwonea huruma. Mwishowe nimeweka 14, na pembeni: "Njoo tuzungumze. Mzee yuko hai humu."

Kesho kipindi cha pili ni chao. Namjua yule: ataniuliza sita zimekwenda wapi.